Unapinga nini hasa? Mirathi, wosia na siku zinazohesabiwa

Mtu akikuambia anataka kwenda kortini kupinga wosia wa baba yake, muulize kwanza kama wosia wenyewe aliuona kwa macho. Mara nyingi haupo. Kuna baba mdogo aliyesimama kwenye matanga akasema mzee alimwachia maneno. Kuna karatasi iliyochanwa daftarini ambayo kifungua mimba anaifungia kabatini. Kuna barua ya chifu yenye majina manne ya watoto, ilhali watoto ni saba. Nyumbani vitu hivi vyote huitwa wosia na hupingwa kwa makelele yaleyale. Mahakamani kila kimoja kina mlango wake, na milango hiyo haifungwi siku moja. Wengi ninaowajua walioshindwa kesi za mirathi walikuwa na haki. Walibisha mlango usio wao, au walifika umeshafungwa.

Nakuru ni mahali pazuri pa kujifunzia jambo hili, maana karibu kila mtu hapa ana kwao kwingine. Tuchukue mzee wa kubuni, aliyetoka Maragoli ujanani akaajiriwa na Reli. Ameacha mke wa kwanza na watoto watano kwenye boma la Vihiga, alikozikwa. Ameacha mke wa pili na watoto wawili mtaa wa Free Area, hapa Nakuru, kwenye ploti yenye vyumba vya kupangisha. Ana shamba la ekari 9 Njoro, alilolipata kwa hisa za kampuni ya kununua mashamba ya wazungu walipokuwa wakiondoka. Ana pensheni, na akiba kwenye sako, chama cha kuweka na kukopa. Mzee huyu tutatembea naye hadi mwisho, kwa kuwa shida za familia yake ni shida za nusu ya mji.

Hesabu kilichopo kabla ya kugawa

Sheria inayotawala hapa Kenya ni Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyotungwa mwaka 1972 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Inagusa mali ambayo marehemu angeweza kuitoa kwa hiari yake alipokuwa hai. Isiyokuwa yake haimo, hata angeiandika kwenye wosia kwa wino wa dhahabu.

Chukua boma la Vihiga. Hati imeandikwa jina la babu, aliyefariki kabla ya mjukuu yeyote kuzaliwa. Basi mzee wetu hakuwa na cha kumwusia mtu pale. Alikuwa mrithi mmojawapo wa babu, pamoja na ndugu zake, na mirathi ya babu ndiyo inayopaswa kufunguliwa kwanza. Nimeuona wosia uliochapwa vizuri, una mihuri na sahihi zote, unagawa kipande kwa kipande ardhi ambayo mwenye wosia hakuwahi kuimiliki. Watoto waliupigania kwa miaka.

Kinyume chake hutokea pia. Hati ina jina la mzee peke yake, lakini aliandikishwa kwa sababu alikuwa mkubwa wakati ardhi ilipopimwa, akiishika kwa niaba ya ndugu wadogo. Mahakama ya Juu ilikubali mwaka 2018 kwamba amana ya kimila ya namna hii inaweza kumfunga mwenye hati hata kama haikuandikwa kwenye rejista. Lakini hilo ni dai la umiliki. Lina ushahidi wake, na kwa kawaida husikizwa na Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Baba mdogo anayelileta ndani ya faili la mirathi ya kaka yake huambiwa aende mlango wa pili.

Ploti ya Free Area ina mtego wake. Ikiwa ilisajiliwa kwa jina la mzee na la mama mdogo, yaani mke wa pili, kama umiliki wa pamoja usiogawanyika, basi yote ilikuwa ya mama mdogo tangu mzee alipokata roho, na haingii kwenye mgawo. Ikiwa waliimiliki kwa mafungu, fungu la mzee tu ndilo linaloingia. Tofauti hiyo ni maneno machache kwenye rejista, na mtu yeyote anaweza kufanya sachi, yaani kuomba rejista ikaguliwe, akayaona. Hata hivyo watoto wa nyumba kubwa huyagundua mwaka wa tatu wa kesi, wameshauza ng'ombe kulipa wakili.

Pensheni na akiba ya sako kwa kawaida humfuata yule ambaye jina lake liliandikwa kwenye fomu. Mzee aliijaza fomu hiyo alipoajiriwa, akaandika mama mkubwa, na hakuigusa tena. Mama mdogo akiuliza kwa nini wosia hausemi lolote juu ya pesa hizo, jibu ni kwamba hazipitii huko.

Kama hakuna wosia

Hii ndiyo hali ya familia nyingi. Mwenye wake wawili, sheria inagawa mali yake kwa nyumba, lakini si nusu kwa nusu. Inahesabu vichwa: watoto wa kila nyumba, kisha inaongeza mama yao kama kichwa kimoja zaidi. Nyumba ya Vihiga ina watoto 5 na mama, vichwa 6. Nyumba ya Free Area ina watoto 2 na mama, vichwa 3. Jumla 9. Kwa ekari 9 za Njoro, nyumba kubwa inapata 6 na nyumba ndogo 3.

Hapo ndipo kelele huanza, kwa kuwa mila nyingi za huku kwetu zingegawa nyumba kwa nyumba sawasawa, bila kujali nani alizaa wangapi. Mama mdogo hujiona ameonewa. Mama mkubwa naye ana lake: shamba lilinunuliwa kwa faida ya mboga zake sokoni kabla huyu hajaolewa, kwa nini mgeni ale jasho lake? Hoja yake inaweza kuwa na nguvu, lakini si hoja ya mirathi. Anachosema ni kwamba sehemu ya shamba hilo ilikuwa yake tangu mwanzo na haikuwa ya marehemu kuiacha. Inabidi ailete hivyo, kwa ushahidi wa mchango wake, kabla mgawo haujafanyika. Akiileta kama malalamiko juu ya mgawo atajibiwa kwa hesabu ya vichwa.

Ndani ya kila nyumba, mjane hapewi ardhi aiuze. Anashika fungu hilo kwa maisha yake yote: analima, anakula kodi ya nyumba, watoto wanasubiri. Baada yake wanagawana sawa. Kuuza ardhi hiyo anahitaji idhini ya mahakama. Kwa hiyo kijana anayetaka shamba likatwe mama yake akiwa hai hana msingi, isipokuwa mama na wenzake wote wakubali. Na mama anayemuuzia jirani robo ekari kimyakimya hana msingi vilevile.

Mabinti. Sheria inasema watoto, basi. Haisemi wa kiume, haisemi ambao hawajaolewa. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufaa iliamua kesi iliyotoka upande wa Bonde la Ufa, ambayo mawakili huiita kwa jina moja tu, Rono. Marehemu alikuwa na nyumba mbili, watoto 9 na karibu ekari 190. Nyumba moja ilikuwa na mabinti watupu. Mahakama Kuu ilikuwa imewapa mabinti wote kipande kidogo kuliko wana, kwa kuwa wangeolewa. Mahakama ya Rufaa ilikataa mgawo huo, ikasema binti habaguliwi kwa sababu ya ndoa inayoweza kuja au isije. Miaka 5 baadaye Katiba ya 2010 ikatia muhuri: usawa mbele ya sheria, na kukomeshwa kwa ubaguzi wa kijinsia katika mila zinazohusu ardhi.

Bado utasikia mtu akijibu, "Lakini sisi tuna mila." Sheria ya Urithi kweli iliacha mila itawale ardhi ya kilimo, mazao na mifugo katika wilaya fulani zilizotajwa kwa majina: Turkana, Pokot Magharibi, Samburu, Narok, Kajiado na nyinginezo, nyingi zikiwa za wafugaji. Nakuru haimo. Kisumu, Siaya, Kakamega, Vihiga, Bungoma, hakuna. Ukivuka Mau kutoka Njoro kwenda Narok unaingia kwenye kanuni nyingine, na hata huko Katiba imeanza kubisha hodi. Mila kwetu inaingia kwa njia ya makubaliano. Familia ya Wajaluo ikikubaliana kwamba kitinda mimba abaki na nyumba ya wazazi na wakubwa wahamie kwenye maboma yao, na wote wenye haki wakasema ndiyo, jaji hana sababu ya kuwakataza. Asipokubali hata mmoja, vichwa vinahesabiwa.

Wosia unavyoanguka

Sasa tuseme mzee aliacha wosia. Unasema: shamba lote la Njoro kwa wana watatu wa nyumba kubwa, ploti kwa mama mdogo. Mabinti wawili wa nyumba kubwa hawakutajwa, wala watoto wa nyumba ndogo.

Kama wosia ni wa mdomo, ulisemwa mbele ya mashahidi wawili au zaidi? Na mzee alifariki ndani ya miezi 3 tangu auseme? Kwa raia wa kawaida, akipita miezi hiyo akiwa hai, maneno yale yamekufa kabla yake. Baba mdogo anayesimulia alichoambiwa Krismasi ya miaka miwili iliyopita, wakiwa wawili tu kwenye kibaraza, hana wosia. Ana kumbukumbu.

Wa maandishi unahitaji sahihi au alama ya mwenye wosia, na mashahidi wasiopungua wawili ambao kila mmoja alimwona akitia sahihi, au alimsikia akikiri kwamba sahihi ni yake. Si lazima mashahidi wawe pamoja wakati mmoja, jambo ambalo watu hubishania bure. Wanachosahau ni hili: shahidi anayepewa kitu ndani ya wosia huo, au mume au mke wake akipewa, anapoteza alichopewa, isipokuwa kuna mashahidi wengine wawili wasio na maslahi. Wosia wenyewe unabaki. Yule kijana aliyemshikia mzee kalamu, akatia sahihi yake chini kwa bidii ya kusaidia, amejinyang'anya shamba.

Halafu kuna akili timamu. Sheria inaanza kwa kudhani kwamba mwenye wosia alikuwa nayo, na anayesema hakuwa nayo ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Uzee pekee hautoshi. Ugonjwa hautoshi, wala wodi ya hospitali haitoshi. Kinachotafutwa ni kama alijua mali yake, alijua watu wake, na alielewa anachofanya siku ile. Ushahidi mzuri ni wa daktari na wa waliomhudumia, si wa binti aliyekuja kutoka Mombasa siku ya mazishi. Kulazimishwa, kudanganywa au kusumbuliwa mpaka akachoka akatia sahihi ni sababu nyingine, na ngumu kuithibitisha, kwa maana hutokea chumbani. Sahihi ya kughushi ni rahisi kidogo, kwa kuwa kuna wataalamu wa maandishi na kuna sahihi zake za benki za kulinganisha. Na kuna sababu ambayo hata mawakili wengine huipita mbio: mtu akioa baada ya kuandika wosia, ndoa hiyo inaufuta, isipokuwa aliuandika akiwa anaitazamia ndoa hiyo. Kama mzee aliandika kabla ya kumwoa mama mdogo, tarehe peke yake inaweza kumaliza kesi.

Lakini kabla ya kuuangusha, chukua kalamu. Wosia ukianguka, mahakama haikai ikaandika mzuri zaidi. Kila mtu anarudi kwenye hesabu ya vichwa, au kwenye wosia wa zamani kama upo na haukufutwa. Mmoja wa wana watatu wa nyumba kubwa, kwa mfano, kakasirika kwa sababu mama mdogo kapewa ploti. Chini ya wosia ana ekari 3 za Njoro. Wosia ukiondoka, nyumba yao inapata ekari 6 chini ya uangalizi wa mama yao, na siku mama akienda zinagawanywa kwa watoto watano: ekari 1.2 kila mmoja. Atakuwa ameshinda kesi akapoteza zaidi ya nusu ya shamba. Kuna sehemu yake ya ploti, kweli, ikiwa haikuwa ya umiliki wa pamoja. Aifanye hesabu hiyo nyumbani kwanza, si baada ya hukumu.

Kwa mabinti waliosahauliwa, njia bora huenda isiwe kuupinga wosia kabisa. Wanaweza kuukubali kuwa halali na bado wakaiomba mahakama iwatengee fungu kutoka kwenye mali, kama wategemezi ambao hawakutimiziwa. Mke na watoto wa marehemu wana haki ya kuomba hivyo iwe alikuwa akiwatunza au la. Wazazi, ndugu na wajukuu sharti waonyeshe kwamba alikuwa akiwatunza hadi kifo chake. Jaji ataangalia ukubwa wa mali, hali ya mwombaji, alichokwisha kupewa marehemu akiwa hai, na sababu za marehemu za kumnyima kama alizieleza. Mahakama ya Rufaa ilisema mwaka 1996 kwamba uhuru wa mtu kuusia mali yake si uhuru usio na mipaka, na mlango huu ndio mpaka wenyewe. Tatizo ni kwamba unafungwa mapema. Hati ya usimamizi, karatasi ya mahakama inayompa mtu kazi ya kushughulikia mirathi, ikishathibitishwa, ombi la namna hii halipokelewi tena.

Orodha na kalenda

Hapa ndipo kesi nyingi hushindwa, na hakuna hata sauti iliyopandishwa.

Anayetaka kusimamia mirathi pasipo wosia huenda kwa chifu kuchukua barua inayotaja waliobaki. Chifu anaandika alichoambiwa, au alichosikia kwa mzee wa mtaa. Barua hiyo haimfanyi mtu kuwa mrithi wala haimwondolei urithi, lakini faili lote hujengwa juu yake. Asiyeandikwa hapo haombwi kukubali, hatumiwi notisi, hajui kuna kesi. Shida ni kubwa zaidi mzee akiwa na makao mawili: chifu wa Vihiga anaijua nyumba kubwa, chifu wa Nakuru anaijua nyumba ndogo, na kila mmoja anaandika kwa moyo safi orodha yenye pengo.

Kisha ombi linatangazwa kwenye Gazeti la Serikali, na yeyote mwenye pingamizi anapewa siku 30. Ni nani anayelisoma Gazeti la Serikali pale Maseno au Elburgon? Karibu hakuna. Kwa hiyo kwa anayeshuku kuna jambo, njia ya uhakika ni kuweka kaveati kwenye masijala ya mahakama ili ajulishwe ombi lolote likija. Si sawa na kuweka kosheni kwenye ofisi ya ardhi, ingawa watu huchanganya. Kosheni inazuia hati ya shamba kuhamishwa. Kaveati inakuamsha kesi inapofunguliwa. Ukiweza, weka zote mbili.

Pasipo pingamizi, msimamizi hupewa hati ya usimamizi. Hii ndiyo karatasi inayodhaniwa vibaya kuliko zote. Watu humwona nayo wakadhani ameshinda mali. Inampa kazi ya kukusanya mali, kulipa madeni na kuilinda. Kuuza ardhi kabla ya kuthibitishwa kwa hati hairuhusiwi. Uthibitisho huja kwa kawaida baada ya miezi 6, na hapo ndipo mgawo wenyewe huamuliwa: nani, kipande gani, kiasi gani. Hati isiyopelekwa kuthibitishwa ndani ya mwaka mmoja bila sababu inaweza kufutwa.

Aliyechelewa kabisa bado ana mlango wa mwisho, na huu hauna siku ya kufungwa. Anaweza kuomba hati ifutwe wakati wowote, hata baada ya kuthibitishwa, ikiwa ilipatikana kwa uongo au kwa kuficha jambo zito, kama kuwaficha mama mdogo na watoto wake. Ila ngoja-ngoja ina gharama zake. Shamba huenda limekatwa, limeuzwa kwa mtu aliyelipa kwa nia njema, na sheria inamlinda mnunuzi wa aina hiyo kwa kiasi kikubwa. Utashinda karatasi, ukute mnunuzi ameshapanda viazi.

Katikati ya haya yote, nyumba za kupangisha haziachi kutoa kodi. Anayeikusanya bila hati, anayekata miti ya Njoro kuuza mbao, anayeuza kipande kulipia gharama za mazishi, anaingilia mali ya marehemu, na hilo ni kosa la jinai. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Faini hiyo haimtishi mtu mwenye vyumba vya kupangisha mjini. Lakini mahakama inaweza pia kumwamuru atoe hesabu ya kila shilingi, na hapo ndipo huumia.

Mke ni nani, mtoto ni nani

Kesi zinazonuka zaidi hazihusu shamba. Zinahusu maiti. Mwaka 1987 nchi nzima ilifuatilia kesi ya wakili S.M. Otieno: mjane wake, Wambui Otieno, akisema mumewe alitaka azikwe Matasia, karibu na Nairobi, na ukoo wa Umira Kager ukitaka azikwe Nyalgunga, Siaya. Ukoo ulishinda, akazikwa Nyalgunga mwezi Mei mwaka huo. Tangu hapo watu wa magharibi mwa Kenya wanajua kwamba matakwa ya marehemu juu ya kaburi lake si sawa na matakwa yake juu ya ng'ombe wake. Wanajua pia kwamba anayetambuliwa siku ya mazishi ana hatua moja mbele. Tangazo la kifo na kijitabu cha ibada huishia kwenye faili la mirathi kama vielelezo. Kugombania aliyetajwa kwenye wasifu wa marehemu si ubishi wa bure.

Marekebisho ya mwaka 2021 yalisema mke au mume ni yule anayetambuliwa chini ya Sheria ya Ndoa. Ndoa ya kimila imo, hivyo mama mdogo aliyepelekewa mahari hana wasiwasi mkubwa akileta mashahidi wa siku hiyo. Aliyekaa tu na mzee kwa miaka kumi ana kazi. Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema dhana ya ndoa, yaani kuwahesabu waliokaa pamoja kuwa mume na mke, ipo lakini itumike kwa nadra, baada ya ushahidi mzito. Watoto wake wana hali tofauti na yake, na hilo nalisisitiza kwa sababu wengi huondoka na mama yao: mtoto ambaye marehemu alimtambua, akamkubali au akachukua jukumu la kudumu juu yake ni mtoto, awe mama ameolewa au la. Familia ikikataa, jaji anaweza kuagiza DNA.

Na mjane hahitaji kurithiwa na shemeji ili abaki kwenye boma la mumewe. Haki yake kwenye mali haitegemei tero, desturi ya Wajaluo ya kumrithi mjane, wala desturi yoyote ya utakaso. Kumlazimisha arithiwe kumetajwa waziwazi kama dhuluma katika sheria ya mwaka 2015 ya kulinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani.

Waislamu, na wako wengi Mumias, Kisumu na hapa Nakuru, wana njia nyingine. Sheria ya Kiislamu hutawala mgawo wao, na wote wanaohusika wakiwa Waislamu na wakikubali, Kadhi husikiliza: mjane mwenye watoto thumuni, mwana mafungu mawili ya binti, wosia usizidi theluthi na usimpe mrithi. Juni 2025 Mahakama ya Juu iliamua kuwa mtoto wa Mwislamu hanyimwi urithi kwa sababu tu alizaliwa nje ya ndoa. Uamuzi huo bado unajadiliwa misikitini.

Meza badala ya kizimba

Mbiyu Koinange, aliyekuwa waziri wa Kenyatta wa kwanza, alifariki mwaka 1981. Mirathi yake, pamoja na shamba kubwa la Mau Narok juu yetu hapa, iliwaweka jamaa zake mahakamani kwa zaidi ya miaka 30. Utajiri wa namna ile unaweza kulisha kesi ya namna ile. Ekari 9 za Njoro haziwezi.

Mahakama siku hizi hupeleka kesi nyingi za mirathi kwa mpatanishi, bila kungoja familia iombe. Makubaliano yakitiwa sahihi husajiliwa na kuwa amri ya mahakama. Kwa maoni yangu yanafaa sana ugomvi unapokuwa wa mgawo: nani akae karibu na barabara, nani achukue ploti aachie shamba. Hayafai kitu ugomvi ukiwa ni kama fulani ni mtoto au si mtoto. Hilo halikatwi katikati.

Nimekaa kwenye benchi la nyuma siku ya kuthibitisha hati. Wana walikuwa wameleta fomu ya mgawo, sahihi na alama za vidole zimejaa, mabinti wameachia kila kitu. Wakili wao alisimama kwa dakika mbili tu. Jaji akaomba mabinti wasimame mmoja mmoja, akawauliza kama wanaielewa karatasi ile. Wa kwanza akasema ndiyo. Wa pili akasema ndiyo, akimtazama kaka yake. Wa tatu, mama wa makamo mwenye leso begani, akaomba aonyeshwe. Akaisoma polepole, kidole kikifuata mstari. "Mheshimiwa," akasema, "mimi nilitia sahihi kwamba nimekubali kaka awe msimamizi. Hii nyingine ndiyo naiona leo."

Faili likapewa tarehe nyingine, miezi minne mbele.